Kitambaa cha Zambarau Juu ya Kitanda cha Mama

Mwaka huu, Jumapili ya tano ya Kwaresima, nilirudi Bwera, mji wetu wa mpakani, nikaingia katika kanisa nililobatizwa. Sanamu zote zilikuwa wazi. Nilikaa na uchovu wangu, nikitafuta vile vitambaa vya zambarau ambavyo zamani, rafiki yangu, vilifunika msalaba na watakatifu wote kuanzia Jumapili hiyo.

Aliyevifua na kuvipiga pasi ya makaa ni nyanya yangu, mzaliwa wa Butembo, ng'ambo ya mpaka. Nyumba nzima ilinuka moshi na sombe, majani ya muhogo, tuliyopika bila mafuta. Kipande kilichobaki alifunikia msalaba wetu wa nyumbani, uliotundikwa juu ya kitanda cha mama. Alisema nyumba yetu haiwezi kujifanya tofauti na kanisa.

Nilipokuwa na miaka tisa, mama alikuwa mgonjwa wa kutoinuka. Jumatano ya Wiki Takatifu nyanya alikwenda shambani, mama akaniita.

"Mutoto yangu, toa ile kitambaa nione Yesu."

"Nyanya atanichapa."

"Huyo anaweza kuchapa hata padri." Akacheka kidogo, akakohoa. "Toa tu, halafu utarudisha."

Nilisimama pale. Sikutoa. Nikamwambia Ijumaa iko karibu, msalaba utafunuliwa.

"Haya, mama," akasema, kama alivyozoea kuniita, akageukia ukuta.

Alifariki Alhamisi jioni. Kengele zilikuwa zimenyamazishwa hadi Pasaka, mbao tu ndizo zilizogongwa, kwa hiyo habari ya kifo chake ilipelekwa kwa mdomo, nyumba hadi nyumba. Tulimzika Ijumaa Kuu bila misa, kwa kuwa siku hiyo haisomwi misa. Saa tisa, wakati wa kufunua msalaba kanisani, nyanya aliingia chumbani akaufunua wetu, juu ya kitanda kitupu.

Baada ya Pasaka alimuuliza padri kama tulifanya sawa.

"Mama, hiyo ni ya kanisani," padri alimjibu kwa upole. "Nyumbani hakuna sheria hiyo."

Nyanya hakufunika tena msalaba wa nyumbani.

Naye sasa hayupo. Pasi ile sijui nani aliichukua, na vijana wa kanisani hawajui kwamba sanamu ziliwahi kufunikwa. Sikumwambia nyanya kamwe kwamba mama aliomba kitambaa kitolewe. Nimebaki mimi tu ninayejua. Kulikuwa na kigoda pale kando ya kitanda. Ningekipanda, mkono ungefika.