Jina la Kwanza Kwenye Karatasi ya Hitima

Karatasi ya hitima ya ukoo wetu ina majina tisa. Makaburi yetu, kule Ras Kisimani, ni manane. Nimeuza samaki soko la Kilindoni miaka yote, sihesabu kitu mara moja. Nikaanza tena kutoka kaburi la mwisho. Manane.

Asiye na kaburi ni yule anayesomwa wa kwanza, ambaye jina lake ndilo jina letu la ukoo. Limo kwenye kitambulisho changu na vyeti vya wanangu. Tulilelewa tukiambiwa ni babu yetu, alikuja kutoka Arabuni na sanduku la vitabu. Hivyo vitabu sijapata kuviona.

Nikamwendea shangazi, nikamkuta anaanika mwani.

"Shikamoo shangazi. Babu wa kwanza kazikwa wapi?"

"Marahaba. Yule alirudi kwao. Kwani ni babu yako?" Mikono haikusimama. "Yule ni mwenye shamba la minazi. Babu yako alikuwa mkwezi wake, kanunuliwa Kilwa, akapachikwa jina la bwana wake kama mbuzi anavyotiwa alama. Kalala nje ya ukuta wa makaburi, hana hata jiwe."

Akanitajia jina la huyo mkwezi, la kwao bara. Jina fupi.

Kila mwaka tunachinja, tunapika pilau, tunamwombea rehema mnunuzi. Aliyenunuliwa hatumtaji.

Baba mkubwa, msomaji wa karatasi, hakushangaa. Alikuwa anajua siku zote. Hilo lilinitia kinyaa.

"Ukilitangaza hilo, binti zako nani atawaposa?"

"Waliokwisha kuja hawakuuliza Arabuni. Waliuliza kama wanajua kupika."

"Basi tumtie wa kumi. Mwenye shamba abaki wa kwanza."

Maisha yangu nimeishi kwa kupatana, lakini hapo nilitamani kutema mate. Nikakubali hata hivyo. Bora asomwe wa kumi kuliko asisomwe.

Siku ya hitima baba mkubwa alisoma, nami nikahesabu kwa vidole. Tisa. Akakunja karatasi.

Nikalitaja la kumi mwenyewe, kwa sauti ya sokoni. Wanaume wakatazama mkeka. Nyuma ya pazia, upande wa wanawake, shangazi akaitikia peke yake, "Mungu amrehemu."

Fatiha ikaanza. Wenzangu walikuwa wakimsomea nani, sijui. Mimi nilimsomea mmoja tu, na pilau sikuigusa.