Aliyekula Firigisi Hakuwepo

Nabalayo wa Makadara alikuwa na kinga moja dhidi ya lawama zote: hakuwepo. Akimpa mteja wake wa soko la Muthurwa vitunguu badala ya nyanya, alisema ni mikono tu iliyopima. Yeye mwenyewe alikuwa mbali, anawaza. Uji ukiungua, hakuwepo. Sasa utamlaumuje mtu ambaye hakuwepo?

Jumapili moja alipika kuku. Kwao Bungoma, na hata hapa mjini, firigisi ni ya baba mwenye nyumba, na mke akiigusa, wakwe huitisha kikao. Mumewe, Mulongo, akakoroga mchuzi, akatafuta hadi chini ya sufuria.

"Mama Nekesa, firigisi yangu iko wapi?"

"Baba Nekesa, nisikudanganye. Mkono uliichukua, meno yakatafuna, koo likameza. Lakini mimi sikuwepo. Nilikuwa nawaza mambo ya kanisa."

Mulongo akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeshindwa kesi.

"Basi huna hatia. Ila naisikitikia hiyo firigisi. Imeliwa na hakuna aliyeionja. Hata hatutajua kama ilikuwa imeiva."

"Haikuiva?" Nabalayo aliruka, maana upishi wake hauchezewi. "Ilikuwa laini, inateleza yenyewe! Labda ilipungukiwa pilipili kidogo."

Mulongo akaacha kutafuna, akamtazama, akatabasamu.

Nabalayo akatafuta haraka mahali pa kwenda kuwaza, akapakosa. Alikuwepo, mzimamzima, na midomo bado ina mafuta.