Santuri ya Kwanza ya Mke Wangu

Santuri ya mke wangu ilianza kupigwa redioni mwezi wa nne tangu tumzike binti yetu. Watu wa Morogoro waliyaweka mambo hayo mawili pamoja wakapata jibu lao. Mimi niliyekuwa nalijua jibu la kweli nilinyamaza. Sasa nimezeeka, na nataka kueleza ilivyokuwa.

Tulikuwa tumepanga vyumba viwili Mwembesongo, kwa mjane mmoja wa Kirangi aliyekaa upande wa mbele wa nyumba hiyo hiyo. Nilikuwa fundi wa mashine kiwanda cha ngozi. Harufu ya ngozi haikutoka mwilini hata ukioga mara tatu, na miaka ile sabuni yenyewe tulipanga foleni duka la ushirika kuipata. Mke wangu alikuwa mpishi kwenye kantini ya kiwanda. Kwao ni Matombo, mlimani. Masista walimsomesha mpaka darasa la saba, na kuimba alijifunzia kwaya ya misheni. Nyumbani aliimba akifua, akipeta mchele, akimwogesha mtoto. Nilikuwa nimeshazoea kiasi kwamba sikumsikia tena.

Aliyemsikia ni mzee mmoja mpiga saksafoni, kiongozi wa bendi yetu ya wafanyakazi. Siku tulipomzika mwenzetu wa karakana mvua ilikuwa kubwa, kwaya haikufika. Padri akauliza kama yupo mtu wa kuanzisha wimbo. Mke wangu akasimama, mtoto mgongoni, akaimba peke yake mpaka mwisho bila mtu kuthubutu kumwitikia. Tulipotoka nje yule mzee alimfuata chini ya mwavuli.

"Mama, nani alikufundisha kuimba hivyo?"

"Masista, mzee."

"Masista hawakukufundisha hivyo," alisema. "Njoo Jumamosi kwenye mazoezi. Uje na mumeo, asije akadhani nina nia nyingine."

Tulikwenda. Mzee alikuwa na santuri chache za Wamarekani weusi, zile za muziki wa soul, wimbo wa polepole ambao mwimbaji anakaribia kulia lakini halii. Alimpigia mbili tatu. Mke wangu hakuelewa hata neno moja la Kiingereza kile, ila alikaa mbele ya gramafoni mikono mapajani, akaomba zirudiwe. Mpiga gitaa mmoja akasema viongozi hawautaki muziki huo, wanauita takataka za mabeberu. Mzee akamjibu, "Maneno yatakuwa ya Kiswahili, mwimbaji ni mpishi wa kiwanda, anatoka Uluguru. Atakayelalamika aje aseme hapa."

Hakuna aliyelalamika. Baada ya miezi sita ukumbi ulikuwa unajaa mpaka watu wanasimama madirishani. Nyimbo alitunga mwenyewe: foleni, mama anayengoja barua, mtu aliyehamishiwa kijiji kipya akaacha makaburi ya wazee wake. Watu walikuja kucheza, na katikati ya wimbo unakuta wamesimama tu wanamwangalia.

Mwanzoni niliona fahari. Kisha karakana wakaanza kunitania. "Shemeji yetu kaimba vizuri jana. Wewe ulibaki unasonga ugali?" Nilicheka nao. Lakini nikirudi nyumbani nilikuwa natafuta kosa: chai imepoa, shati halikupigwa pasi. Nilipokosa la kulalamikia ndipo nilipochukia zaidi.

Ikaja habari kwamba kampuni moja ya Nairobi inataka kurekodi bendi. Kawaida bendi zetu zilitoa santuri ndogo, wimbo mmoja upande huu na mmoja upande ule. Hawa walitaka santuri kubwa, nyimbo nane, zote ziimbwe na mke wangu, na picha yake iwe kwenye jalada. Hapa kwetu hapakuwa na jambo kama hilo kwa mwanamke. Meneja wa kiwanda alitoa ruhusa ya wiki moja.

Mama mkwe alileta ujumbe kutoka Matombo kwamba atashuka kumwangalia mtoto. Binti yetu alikuwa ametimiza miaka mitatu. Nikasema hapana, mtoto wangu nitamlea mwenyewe, jirani atanisaidia nikiwa kazini. Mke wangu aliniangalia.

"Una hakika?"

"Nenda ukaimbe," nikamwambia.

Wiki ikaisha. Badala ya yeye kurudi ikaja simu ya maandishi kutoka posta: kazi haijaisha, narudi Jumatano. Niliisoma nimesimama mlangoni, nikaikunja, nikaitia mfukoni. Jioni hiyo, Jumamosi, mtoto akashikwa na homa.

Jumapili alitoka vipele usoni na nyuma ya masikio. Ilikuwa surua, mtu yeyote wa wakati ule aliijua kwa kuitazama. Jumatatu akaanza kuhema haraka, mbavu zinaingia ndani kila anapovuta pumzi. Mjane mwenye nyumba aliingia na uji, akamwangalia, akauweka chini.

"Baba, mtoto huyu apelekwe hospitali."

"Mama yake anakuja Jumatano," nikasema.

"Surua haingoji Jumatano."

"Mama yake ndiye anayejua kumuuguza. Nimeshasema."

Hospitali haikuwa mbali, na matibabu yalikuwa bure. Nilikuwa na baiskeli. Nimejitafutia visingizio miaka mingi, sikupata hata kimoja. Nilitaka mke wangu afungue mlango amkute mtoto yuko kitandani, aone alichokiacha. Sikutaka mtoto afe. Nilitaka mama yake alie, aniombe radhi, aache muziki. Kwa ajili ya hilo nilimweka binti yangu kitandani siku mbili, namlowanisha kwa kitambaa.

Jumanne asubuhi mjane hakuniuliza tena. Alimfunga mtoto kwa khanga yake mwenyewe akatoka, nami nikamfuata. Wodini daktari alipima kifua, akauliza mtoto ameanza kuhema hivyo lini.

"Leo alfajiri," nikasema.

Mjane alikuwa amesimama pembeni yangu. Alinigeukia, akanitazama, halafu akatazama sakafu. Kabla ya adhana ya adhuhuri binti yetu alikuwa amekwisha.

Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, lukolo kama wanavyouita, na mjomba ndiye mwenye kauli. Kaka mkubwa wa mama mkwe alipopata habari alituma lori la ndizi litufuate. Jumatano asubuhi tukamzika Matombo. Mke wangu wakati huo alikuwa ndani ya basi, hakuna njia ya kumpata. Alifika Mwembesongo jioni, mjane akamwambia tu kwamba wamempeleka mlimani. Alipanda Alhamisi, juu ya gari la mizigo, na gauni lake la safari.

Nywele zake zilikuwa zimenyooshwa kwa chuma cha moto na kupakwa mafuta, kwa ajili ya ile picha ya jalada. Alianguka kwenye udongo mbichi wa kaburi, na wanawake waliokaa matangani walichotazama ni nywele. Nilisikia mmoja anasema polepole, "Mwone. Alikuwa saluni." Nilikuwa karibu naye kiasi cha kumjibu.

Nilitegemea ataacha kuimba. Hakuacha. Baada ya arobaini alirudi mazoezini, nikamuuliza ana moyo gani. Akasema, "Nikikaa humu ndani naisikia nyumba."

Santuri ilipotoka, kila kitu kilikwenda mbio. Kwenye kipindi cha salamu za wasikilizaji nyimbo zake ziliombwa kutoka Tabora, Mbeya, Mtwara. Bendi ikaalikwa Iringa na Dodoma, halafu Dar es Salaam, ambako waandishi wa magazeti walimpiga picha akishuka garini. Meneja alimwita ofisini akampa mkono mbele ya wafanyakazi, akasema ndugu huyu ameonyesha kwamba mkulima na mfanyakazi wana sauti. Watoto wa mtaani kwetu waliimba nyimbo zake wakiruka kamba. Mpaka wa Kenya ulipofungwa santuri zenyewe zikaacha kuja, na aliyekuwa na moja alialika watu kuisikiliza.

Na maneno yakaanza, bombani kwanza, kisha sokoni. Kwamba sauti ile si ya bure. Kwamba huko Nairobi alipewa masharti na mtaalamu, akaulizwa anampenda nani kuliko wote. Kwamba amemtoa mwanawe kafara. Akipita kwenda kazini, akina mama waliwavuta watoto wao ndani. Mmoja alimfunika mwanawe uso kwa upande wa khanga, mchana kweupe, na mke wangu akasema "Hamjambo" akapita.

Siku moja karakana mwenzangu alizima mashine akanijia.

"Ndugu yangu, sisi ni watu wazima. Haya yanayosemwa juu ya shemeji, ni kweli?"

Ningeweza kusema neno moja tu. Nilifuta mikono kwenye kitambaa, nikatikisa kichwa kama mtu aliyebeba mzigo, nikasema, "Mungu ndiye anayejua."

Jibu hilo lilizunguka mji mzima. Hata mumewe hakukana, walisema. Mimi nikawa mtu wa kuhurumiwa. Watu walinipa nafasi zao kwenye foleni.

Ilifikia Jumapili moja alasiri, kwenye dansi la mchana ambalo hata wenye familia walihudhuria. Nilikaa meza ya nyuma. Alikuwa ameanza ule wimbo wa mama anayengoja barua, ukumbi umetulia, ndipo mwanamke mmoja aliposimama akapaza sauti, "Tuimbie na wa mwanao!"

Wachache walicheka. Bendi iliendelea kupiga, lakini yeye alinyamaza, kipaza sauti kiko mkononi, macho yanatafuta kwenye meza. Yalipofika kwangu yakasimama. Niliinama kama nafunga kamba ya kiatu. Nilipoinua kichwa alikuwa ameupokea wimbo pale ulipofika, akauimba mpaka mwisho, akakiweka kipaza sauti juu ya kiti na kutokea mlango wa nyuma. Kesho yake asubuhi alipanda lori kwenda kwao.

Nilikaa peke yangu wiki saba. Mjane alikuwa hajanisalimia tangu siku ile ya hospitali, alikuwa akipokea kodi bila kuniangalia. Chakula kilinishinda. Mwisho niliomba ruhusa nikapanda Matombo.

Niliwakuta uani wanamenya mihogo, mama mkwe, mjomba, na yeye. Nywele za mke wangu zilikuwa zimenyolewa.

"Shikamoo mjomba. Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu ukae," mjomba akasema. "Umekuja kumchukua?"

"Hapana, mjomba. Nimekuja kusema."

Nikasema yote. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, baiskeli ukutani, uongo niliompa daktari. Nilisema na sababu yake. Mama mkwe aliacha kisu kikaanguka. Mke wangu aliendelea kumenya mpaka nilipomaliza, ndipo akauliza, bila kuinua uso:

"Aliniita?"

Nilitaka kusema hapana.

"Alikuita."

"Siku gani?"

"Siku zote. Jumatatu sana."

"Ulimwambiaje?"

"Nilimwambia unakuja."

Akainuka, akaingia ndani. Hatukusikia kilio. Mama mkwe alimfuata, na mimi nikabaki na mjomba. Mzee yule hakunitukana.

"Mtoto alikuwa wetu," alisema. "Wewe tulikukabidhi umlee. Sasa tutashuka wote, ukayaseme haya mbele ya hao wanaomwita binti yangu mchawi. Ukishamaliza, sitaki kukuona huku."

Tulishuka. Balozi wa nyumba kumi aliitisha mkutano kwenye uwanja wake, wakaja watu wengi kuliko nyumba kumi. Nilisimama nikarudia. Mara mbili nilitaka kukaa, mjomba akaniambia niendelee. Nilipokaa, mjane wa Kirangi aliinuka akasema, "Ni kweli. Nilikuwepo. Na mimi nilinyamaza, Mungu anisamehe." Akatoka kabla mkutano haujafungwa.

Nilidhani mambo yangeishia pale. Watu waliondoka wawili wawili wakinong'ona, na kabla ya wiki kwisha nikasikia habari mpya: kwamba mwanamke yule ana nguvu, amemlisha mumewe dawa mpaka amekubali kubeba kosa lake. Yule mwenzangu wa karakana ndiye aliyeniambia, kwa huruma. Nilimshika shati, tukatenganishwa.

Mke wangu hakurudi kwangu. Baada ya mwaka alikwenda Dar es Salaam, akaimba na bendi nyingine miaka kadhaa. Nilimsikia redioni. Ilikuwa sauti nzuri, lakini alikuwa anaimba kama mtu anayefanya kazi aliyoajiriwa. Santuri kubwa nyingine hakutoa. Kanisani hatukuachana, na mimi sikuoa tena.

Kiwanda kilipofungwa nikawa nakarabati baiskeli nje ya nyumba. Mara moja tu nilikutana naye uso kwa uso, sokoni mjini, miaka mingi baadaye. Alikuwa amesharudi kwao Matombo, ameshuka na wenzake kuuza ndimu na iliki. Alinisalimia, akauliza kama mguu wa mama yangu, uliokuwa ukimsumbua tangu enzi zetu, umepona. Nikamwambia mama alishafariki. Akanipa pole. Mwenzake mmoja, msichana asiyetujua, akamuuliza mimi ni nani.

"Nilizaa naye," akasema, akageuka kumhudumia mteja.