Lori Lililokuja kwa Wakati

Nilikuwa karani wa chama cha msingi cha wakulima wa pamba, huko Nkololo, na niseme mapema: uongo ule niliusema mimi.

Ila kwetu haukuwa uongo. Msimu wa pamba, lori la kiwanda cha Maswa halikuwahi kufika siku uliyoliita. Ukisema ghala limejaa, linakuja wiki ijayo, likipenda. Kwa hiyo makarani wote tulisema limejaa likiwa nusu. Mzee wa kiwandani aliyepokea simu alikuwa anacheka, "Nimekuelewa, mwanangu," anapunguza kichwani mwake, mambo yanaenda. Hakuna aliyeona haya.

Kisha wakatuletea mawakala. Si watu! Programu: moja kwenye simu ya chama, moja kiwandani, moja kwa mwenye malori ambayo kiwanda hukodi, pale Bariadi mjini. Mtaalamu aliyetumwa kutufundisha, shati limepigwa pasi, alisema zitaongea zenyewe kwa zenyewe, sisi tujibu maswali tu. Yangu ikaniuliza: ghala limejaa? Nikabonyeza ndiyo, kama kawaida. Lilikuwa nusu.

Kesho yake saa mbili asubuhi, lori hilo mlangoni. Lo! Dereva akachungulia ndani, akaniangalia, akasonya. Hawezi kurudi Maswa na nusu mzigo. Akapiga picha, akaondoka. Hata vumbi halijatulia, simu ikanijulisha kwamba taarifa zetu haziaminiki, tumerudishwa mwisho wa foleni.

Nikampigia yule mzee. "Mwanangu, siku hizi mimi foleni siigusi. Inajipanga yenyewe." Wamemwachia kiti, kazi wamechukua. Nilimchukia siku ile, bure tu.

Sasa ghala likajaa kweli. Nikabonyeza ndiyo kila asubuhi, na kila asubuhi programu ikanishukuru kwa ushirikiano. Mshenzi! Tukaacha kupokea pamba. Ya mama yangu ilikuwa bado uani kwake, chini ya turubai, kwa sababu mimi mwenyewe nilimwambia, "Mayu, wewe upime mwisho, wasije wakasema karani anapendelea kwao." Pamba nyeupe, wameitoa takataka kwa vidole, yeye na mdogo wangu wa kike. Hiyo ndiyo ingempeleka mdogo wangu chuo cha uuguzi. Barua ya kuitwa alikuwa nayo tayari, ameifunga kwenye nailoni.

Mvua ikawahi. Ilikuja mchana kweupe, na upepo ukabeba turubai. Tulikimbia na mabeseni wote watatu, haikusaidia kitu. Lori lilipokuja hatimaye, nusu ya pamba yetu ilikuwa imeoza, iliyobaki wakaiita fifi, pamba chafu ya bei ya chini. Mama hakulia.

"Hicho kidude chako kilikuuliza kama ghala limejaa?"

"Ndiyo, mayu."

"Ukakijibu nini?"

Watu wananifariji, eti nilaumu mashine. Nailaumu, tena sana! Ilikuja kwetu bila kuuliza tunaishije. Lakini yenyewe ilifanya kile ilichoambiwa, na aliyeiambia ni mimi.

Siku ya kuripoti chuoni, mdogo wangu aliamkia shambani kung'oa miti mikavu ya pamba. Nikampelekea maji ya kunywa. Aliyapokea kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akasema, "Asante, karani."