Dereva wa Muscat Hajui Kuendesha

Jepleting aliporudi kutoka Oman alikuwa na vitu viwili alivyoviamini: mikono yake, na kadi ya leseni yenye picha yake. Kwa miaka minane alikuwa dereva wa familia moja mjini Muscat. Alipeleka watoto shule, mama mwenye nyumba hospitali, baba mwenye nyumba uwanja wa ndege, kwenye barabara pana zinazotisha hata kutazama, na siku zote hizo hakuwahi kugusa hata kioo cha gari la mtu. Ukitaka kujua alijifunzia wapi, ni kwao Keringet, juu ya trekta la babake, katikati ya viazi. Akikosea, mzee hakumgombeza. Alimwokotea tu kiazi kilichopondwa akampa akishike.

Sasa alikuwa na miaka arobaini na mbili, na kilichomrudisha ni Cate. Alimwacha binti yake huyo kwa nyanya akiwa na miaka saba. Alimkuta na miaka kumi na mitano, akimwita mum kwa adabu ile ile anayomwitia mwalimu. Jepleting akaapa hatoki tena. Na Mungu hakumtupa. Mwalimu Sitati, mkuu wa shule moja ya kanisa karibu na Rongai, alitaka dereva wa basi la shule muhula ukifunguliwa. Alimwambia nafasi ni yake, alete tu leseni ya Kenya. Bila kazi hiyo hakukuwa na jingine ila kurudi Muscat, ambako tajiri wake bado alimpigia simu kila Ijumaa kumuuliza anarudi lini.

Leseni ya Kenya, basi. Alidhani ataingia Nakuru asubuhi, atoe kadi ya huko, apewe ya hapa, anywe chai na kurudi nyumbani. Lakini kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Kwenda ng'ambo kulimchukua wiki tatu. Kurudi, kwa upande wa makaratasi, kulimla miezi minne.

Karani wa kwanza wa ofisi ya leseni aliigeuza kadi yake mara mbili, akasema ni nzuri, ila atajuaje kama ni ya kweli? Alete barua kutoka kwa walioitoa. Jepleting akapiga simu Muscat, akabembeleza watu aliodhani amewaaga kabisa, na baada ya wiki sita barua ikafika, na muhuri wake. Karani akaitazama, akamrudishia. Ilikuwa ya Kiarabu. Akatafute mtu anayetambuliwa aitafsiri. Akamtafuta, akampata Nairobi, akarudi na tafsiri, na siku hiyo karani wa kwanza alikuwa ameenda likizo. Wa pili alisoma kila kitu kwa utulivu, hadi chini, kisha akamwambia kwamba kwa kesi yake barua haikuwa na kazi. Atafanya mtihani kama mwanafunzi yeyote.

Hapo Jepleting alikasirika hadi machozi yakamtoka, na machozi yenyewe yakamkasirisha zaidi. Alitoka nje akasimama kwenye jua la Nakuru na bahasha yake mkononi, akimtukana kila mtu kimoyomoyo kwa Kikalenjin, lugha ambayo Muscat yote hakuwa na wa kumtukana kwayo.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akajiandikisha shule ya udereva, darasa moja na vijana waliomaliza kidato cha nne juzi. Mwalimu wao, Khaemba, alimpeleka barabarani siku ya kwanza, na kufikia mzunguko wa pili alikuwa ameegemea kiti akisoma simu yake. Siku ya tatu alimwomba amrudishie gari rivasi, maana pale penye lango yeye mwenyewe huwa panamsumbua.

Lakini mtihani wa Kenya hauanzii kwenye gari. Unaanzia mezani. Kuna ubao mkubwa uliochorwa mji mzima, barabara, mizunguko, hospitali na soko, na mtahiniwa hupewa kigari cha kuchezea akisukume kwa kidole huku akieleza anachofanya. Kila aliyesomea udereva nchini anaujua ubao huo, na wengi wanauogopa kuliko lori.

Afisa alimwambia atoke hospitali aende sokoni. Jepleting akaanza. Alieleza vioo, akaeleza alama, akaeleza nani apishwe kwenye mzunguko, akanyoosha maneno hadi vijana nyuma yake wakanyamaza kusikiliza. Na kidole chake, kidole cha miaka minane, kilikuwa kimekishika kigari upande wa kulia wa barabara, kama Muscat, tangu mlango wa hospitali. Kwenye gari la kweli usukani ungemkumbusha. Kigari cha plastiki hakina usukani.

"Madam," afisa akasema bila kuinua kichwa, "hapo umeua watu wote wa soko. Next."

Nyumbani hakuficha. Alimweleza Cate, akitarajia huruma, na msichana akacheka hadi akashika mbavu. Kisha akaenda kuleta chaki, akachora barabara juu ya meza ya jikoni, akamwekea mamake kizibo cha soda. Jioni tatu mfululizo walikaa pale. "Mum, left. Left! Hapa si kwa Waarabu." Ilikuwa mara ya kwanza tangu arudi binti huyo kumfokea, na Jepleting alifurahi kufokewa.

Mara ya pili alipita ubao, akapita barabara, na leseni ikatoka Ijumaa, shule zikifunguliwa Jumatatu. Alikwenda nayo Rongai siku hiyo hiyo. Mwalimu Sitati aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma, na uso wake ukabadilika. Tarehe ya kutolewa ilikuwa ya wiki ile. Daraja lilikuwa la gari dogo. Watu wa bima ya basi walitaka dereva mwenye daraja la basi na leseni iliyokomaa miaka, na kwa macho ya karatasi, Jepleting alikuwa amezaliwa dereva juzi.

"Na ile minane?" akauliza.

"Mama Cate, mimi naijua," Mwalimu akasema. "Lakini karatasi haiijui."

Kazi ikapewa Kiprotich, mtu mzima wa miaka thelathini na miwili, mpole, muuza mbolea. Leseni yake ilikuwa na kila daraja na kila muhuri wa mwaka. Aliikata zamani alipomaliza shule, kwa sababu kila mtu alikuwa akikata, na tangu siku hiyo gari alilolijua vizuri ni la kupanda akiwa abiria. Mwalimu Sitati, kwa aibu, akampa Jepleting nafasi ya anti wa basi, yule wa kufungua mlango na kuhesabu watoto. Mshahara ulikuwa nusu. Aliukubali kwa sababu ya Cate, na hakujaribu kujidanganya kwamba ni kwa sababu nyingine.

Asubuhi ya wiki ya pili, kwenye kilima cha kutoka mtoni, basi likazima. Kiprotich akaliwasha, likarudi nyuma kidogo, likazima tena. Watoto thelathini wakashikilia viti. Jasho lilikuwa likimtiririka Kiprotich shingoni.

"Mama Cate," akanong'ona, "kuja ushike hapa. Hii njia haina polisi."

Jepleting aliutazama usukani. Mikono ilimwasha kweli kweli. Aliwatazama watoto, na akafikiria likitokea la kutokea, watakaouliza watauliza leseni kwanza.

"Siwezi," akasema. "Yangu iko na siku kumi. Kanyaga clutch mpaka mwisho. Weka gia one. Usiachilie hadi nikwambie."

Akamwongoza kwa maneno, pole pole, hadi juu. Basi lilipofika tambarare, watoto wakampigia Kiprotich makofi.