Nilimwomba Mungu umande Kathonzweni mwezi wa tisa

Salamu wakuu, mlio nyumbani na mnaosoma mkiwa kazini. Haya yalinipata miaka ya themanini. Yote ni kweli isipokuwa jua, hilo nimelipunguza ili muamini.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimetoka kupata cheti cha ngumbaru, yaani masomo ya watu wazima. Mchana nachunga ng'ombe, jioni nakaa darasani na wazee wa rika la babu yangu. Nilikuwa namba moja. Tulikuwa saba, lakini namba moja ni namba moja.

Cheti kikaniletea barua mbili wiki moja.

Shemeji alikuwa amenipatia kazi ya karani kwa stoo ya majani chai, Mombasa. Ofisi ya elimu ya watu wazima nayo ilitaka nikafundishe ngumbaru Tseikuru, kule mwisho wa Kitui, ambako sikujua mtu hata mmoja na niliambiwa simba huja sokoni kama wateja wengine.

Zote zilitaka jibu kabla ya mwezi kuisha. Nikikosea hapa, nimekosea maisha.

Mhubiri wetu alikuwa amesema mtu anaweza kuomba sign, yaani ishara. Basi jioni nikatandika ngozi ya mbuzi nje nikaomba: Bwana, asubuhi ikiwa imelowa umande, naenda Tseikuru. Ikiwa kavu, Mombasa.

Kwa wale wa Limuru kwenye baridi na ukungu: kwetu Kathonzweni, Ukambani, mwezi wa tisa hakuna umande. Mbuzi walikuwa wanapanga foleni kwa kivuli cha nguzo ya fensi.

Siku ya kwanza, kavu. Ya pili, kavu. Ya tatu ungeipiga kama ngoma.

Nikamwendea mwaitu, yaani mama yangu, akichagua mbaazi. Nikamwambia Mungu amesema mara tatu, napanga nguo za Mombasa.

Hakuinua kichwa. Akaniuliza mara ya mwisho kuona umande hapa ilikuwa lini. Nikasema sikumbuki.

"Basi geuza," akasema. "Leo mwambie ikiwa kavu unaenda Tseikuru."

Nikasema mambo ya Mungu si ya kuchezea.

"Mutua, wewe umemfungia Mungu mlango mmoja halafu ukamwambia achague."

Kwa Kikamba ilikuwa kali zaidi.

Jioni hiyo sikutandika kitu. Nilienda nyuma ya zizi nikamwambia Mungu ukweli: naogopa Tseikuru. Naogopa nitakosa wanafunzi nirudi nichekwe. Ukitaka niende, nipe nguvu. Hutaki, nizuie njiani.

Sikusikia sauti. Hakuna ndege aliyetua begani. Ila niligundua Mombasa niliipenda kwa sababu moja tu, haikuwa Tseikuru.

Nikamwandikia shemeji kumshukuru na kumwambia siji. Hakuniongelesha miaka miwili.

Njiani hakuna aliyenizuia. Nilipanda lori la mahindi siku mbili, nikashuka nikiwa mfupi kuliko nilivyopanda.

Mwezi wa kwanza darasa lilikuwa la mtu mmoja, mama anaitwa Syombua, na mbuzi wake. Kila siku nilimuuliza Mungu kama ana uhakika. Hakujibu. Kila siku nikafungua darasa.

Polepole wakaongezeka. Mwaka wa pili Syombua akaja na barua ya mwanawe aliyeko Nairobi. Hakumpa mtu amsomee. Alisoma mwenyewe, kidole kwa kila neno, karibu nusu saa. Akaikunja.

"Mwalimu, kumbe huyu mtoto huuliza kama nimekula," akasema. "Wale hunisomea hawajawahi kufika hapo."

Nikamwambia arudie tena kwa sauti. Mimi nikajifanya natafuta chaki.

Siku hiyo sikumuuliza Mungu kitu.

Nilichojifunza wakuu ni hiki: Mungu hakunionyesha nikiwa nyumbani. Alinionyesha nikiwa nimeshafika, tena amechelewa mwaka mzima kwa hesabu yangu.

Sasa wewe ambaye hujui uende wapi, andika hapa chini ni njia gani unaiogopa. Ile unayoitaka usituambie, hiyo tunaijua.