Sauti ya Babu Mhunzi

Mama alifika kutoka Rutamba asubuhi, akaweka kikapu chake mlangoni kwangu Rasbura na kusema, "Twende." Nilijuta kumwambia habari ya kaseti. Ana presha, na daktari alishaonya asishtuliwe.

Nilikuwa nikitafuta habari za vijiji vyetu katika chumba cha kumbukumbu mjini Lindi, nikakuta kasha la kaseti. Zamani walimu fulani walipita vijijini wakiwarekodi wazee. Kaseti moja iliandikwa: Rutamba, mhunzi. Babu, baba yake mama, alikuwa mhunzi. Alifariki mama akiwa mtoto, wala hakuacha hata picha.

"Kama siye?" mama aliniuliza njiani.

"Tutarudi nyumbani."

"Na kama ndiye?"

Nilimshika mkono, tukavuka barabara.

Mhifadhi wa kumbukumbu, mwanamke wa makamo, alituonya. "Mama, mkanda umechakaa. Nitaunakili kwenye kompyuta mkisikiliza, lakini unaweza kukatika."

Alipouwasha, ukatoka mvumo tu. Kisha mkandani mwanamume mzee akalalamika kwa Kimwera kwamba mbuzi wanampigia kelele, waondolewe. Nilimwangalia mama. Alikuwa ametulia mno, nikazidi kuogopa. Yule mzee akakohoa. Mama akainuka.

"Shikamoo, baba."

Sauti iliendelea. Babu alieleza jinsi baba yake alivyokimbilia milimani na familia, askari wa Mjerumani walipokuwa wakiwasaka wahunzi waliowafulia waasi mikuki. "Wakati wa kurudi," alisema, "baba alimwacha kule..."

Mkanda ukakatika.

Mhifadhi aliuunga kwa selotepu, lakini kipande kilikuwa kimeharibika. Sauti iliporudi, babu alishahamia kwenye habari za majembe.

"Alimwacha nani?" mama alimuuliza mhifadhi, kana kwamba yeye angejua.

Tulipita duka la dawa akapimwa. Presha ilikuwa imepanda. Nilimsihi alale kwangu, akakataa. Alitaka kurudi Rutamba siku hiyohiyo akamuulize shangazi yake, mdogo wa babu, ambaye sasa ni kikongwe.

Kesho yake nilishinda na simu mkononi. Ilipoita, mama aliongea kwa sauti ya chini.

"Nimemuuliza. Amegeukia ukutani, hajala mpaka sasa."

"Hakusema kitu?"

"Kasema tu, nani amekwambia? Mwanangu, hizo kaseti nyingine ziache kwanza."

Nimeziacha. Shangazi yake mama alikula siku iliyofuata, ila hazungumzi naye. Mhifadhi amenipigia mara mbili kuniambia amepata nyingine ya Rutamba, na mara zote mbili nimemwambia nina kazi nyingi.